Kabati Lililo Chumbani kwa Baba

Jumapili, 27 Aprili

Watoto wamerudi leo kutoka Mariakani kwa bibi yao, na wamerudi na kesi. Mshtakiwa ni mimi.

Naandika haya kwa sababu sina wa kumwambia. Mwende, mke wangu, yuko Doha, anapika katika nyumba ya watu mpaka mkataba wake uishe mwakani, na simu ya Doha ni ya kujuliana hali, si ya kumwaga hasira. Basi hasira nitaimwaga hapa.

Kisa chenyewe ni hiki. Kabla ya Pasaka niliwafungia watoto mabegi kwa mikono yangu. Nilichota nguo kabatini, nikashindilia, nikavuta zipu, nikajiona baba bora wa Changamwe nzima. Kumbe gauni la Kafedha la kanisani lilikuwa na madoa ya kuvu mgongoni, Brian alikuwa na soksi tatu zisizofanana, na sketi ya Judy ilikuwa imekunjamana kama tambara la kupigia deki. Mama mkwe akayafungua mabegi hayo mbele ya akina mama wa kanisa waliokuja kuwaona wajukuu. Aibu ile naijua, hata mimi imenipata huku nilipo.

Watoto wanamwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita bibi. Mimi jina lake silitaji, hata humu. Sisi Wagiriama na wao Wakamba katika jambo hili tunaelewana kabisa: mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Simpi mkono, sili naye meza moja, na maneno yake kwangu hupitia kwa mtoto hata kama niko chumba cha pili namsikia.

Kwa hivyo leo Judy alisimama mbele yangu, mikono nyuma, akayatoa kama anayesoma matangazo ya kanisa.

"Baba, Susu anakusalimu. Amesema wewe ni mtu wa kazi na hana ugomvi na wewe. Lakini watoto hawakai hivi. Atakuja wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula aangalie. Akikuta mambo ni yale yale, mwezi wa nane tutahamia kwake, na shule tutasoma huko huko."

"Na mama yenu amesemaje?"

"Amesema Susu akiamua ni sawa."

Kafedha, ambaye ana miaka mitano, akauliza kama huko atapewa mbuzi wake mwenyewe. Judy ana kumi na moja na alikuwa anajikaza asilie. Brian, wa miaka minane, alianza kufungua begi lake. Brian hana maneno. Mimi humwita mvivu, na yeye hanijibu.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Sweta ya Brian haikuonekana. Imeonekana jioni, ndani ya suruali yangu ya kazi, na sitaki kujua ilifikaje huko.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, na mimi nimefanya kazi kuliko siku zote.

Niseme kwanza kuhusu kabati. Ni kubwa, la mbao, tulilinunua Mwende alipokuwa na mimba ya Judy. Chumba cha watoto ni chembamba; kitanda chao cha ghorofa kimeingia kikamaliza nafasi. Kwa hivyo kabati la nguo za watoto liko chumbani kwangu, na nguo zangu mimi ziko kwenye misumari. Ndivyo tulivyozoea.

Kazi yangu ni kuendesha mashine ya kupanga makontena katika yadi moja hapa Changamwe. Nikasema, mtu anayepanga makontena mpaka yanagusa mawingu atashindwa na fulana za watoto? Nikatoa kila kitu, nikapanga kwa kanuni ya yadi: kizito chini, chepesi juu, kila rundo limenyooka. Jinzi na sweta chini, sare za shule katikati, fulana na chupi juu. Nikawaita watoto waone.

"Msiharibu," nikawaambia. "Mfuate tu hivi nilivyopanga."

Nikapiga picha nikamtumia Mwende, kisha nikampigia simu. Akasema, "Maridadi, Baba Judy. Lakini wataweza?" Nikamwambia hakuna cha kuweza hapo. Mvua ilianza wakati nakata simu.

Jumatatu, 5 Mei

Rundo limeanguka.

Jumanne, 6 Mei

Nimepanga tena. Nimewapigia kelele kidogo.

Ijumaa, 9 Mei

Limeanguka tena. Nimepanga tena. Kelele haikuwa kidogo. Jirani yangu Roseline, ambaye hukaa na watoto mpaka nitoke kazini, alichungulia mlangoni akasema, "Baba Judy, hawa ni watoto, si mizigo ya meli. Tulia kidogo, aki." Nikamjibu kwamba mizigo ya meli ina adabu zaidi.

Jumatano, 14 Mei

Leo kazini kulikuwa na sokomoko. Kontena lililotakiwa kutoka asubuhi lilikuwa chini ya mengine ambayo hayana haraka. Ikabidi niyashushe yote, mvua inanyesha, dereva wa lori anapiga honi kama bwana harusi. Nikacheka peke yangu ndani ya mashine. Nilikuwa nimewaona watoto wangu: kila asubuhi wanatafuta sare zilizolaliwa na fulana, wanavuta, na dunia yote inawaangukia.

Nimerudi nikageuza. Kinachovaliwa kila siku kiwe mbele, karibu na mkono. Nimeona fahari kubwa kwa jambo ambalo mtu yeyote angeliona.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua haijakatika tangu Alhamisi. Ukuta wa nje wa chumba changu umelowa mpaka ndani, na kabati limeuegemea. Nimemwita Wafula, mwenzangu wa kazini anayekaa mtaa wa nyuma, tukalivuta mbali na ukuta. Alinionyesha kuweka makaa ndani ya kopo wazi kwenye kona ya kabati. Anasema kwao makaa hunywa unyevu. Tumeweka.

Nimetoa amri: nguo mbichi haiingii kabatini. Nguo zote zianikwe kwenye kamba sebuleni. Sebule sasa ni msitu, tunapita tumeinama.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Rundo limeyumba lakini halijaanguka. Brian anaweka vitu ovyo, nami navirudisha mahali pake.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. Nimevirudisha.

Jumapili, 25 Mei

Nitaandika yote, hata yanayonitia haya.

Leo ilikuwa siku ya kwaya ya watoto, na Judy ndiye wa kuanzisha wimbo. Amefanya mazoezi tangu mwezi wa pili. Gauni lake jeupe nililinyoosha mwenyewe wiki iliyopita, likakunjwa, likawekwa. Asubuhi akafungua kabati, harufu ikamrudisha nyuma. Gauni lilikuwa na vidoa vyeusi kuanzia kola mpaka pindo. Na si gauni peke yake. Nikatia mkono nyuma ya rundo nikatoa nguo za michezo za Brian, zimeviringishwa, zimelowa, zimekaa humo sijui tangu lini. Zilikuwa na utelezi.

Judy hakupiga kelele. Alikaa sakafuni na gauni mapajani, machozi yakawa yanadondoka. Kimya chake ndicho kilichoniwasha.

Niligeuka kwa Brian na maneno yakanitoka. "Kama hutaki kukaa kwangu sema! Mariakani si mbali! Fungasha uende, Susu anakungoja!"

Akaziokota zile nguo zake zilizolowa akatoka.

Judy hakuimba. Alikaa na mimi kwenye benchi akiwa na gauni la kawaida, na binti mwingine akaanzisha wimbo, tena akaanzisha chini. Brian alikuwa amesema tumbo linamuuma, nikamwacha kwa Roseline. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwona.

Tuliporudi, alikuwa amekaa kizingitini mwetu. Amevaa viatu vya shule, amevipiga rangi. Ameshika begi lake.

"Wapi hiyo safari?" nikamuuliza.

"Mariakani," akasema. "Umesema nifungashe."

Roseline alikuwa mlangoni kwake, akanitazama kwa jicho ambalo nililistahili. "Amekataa kuingia kwangu tangu uende," akasema. "Amekataa hata chai."

Nikalichukua begi nikalifungua, sijui kwa nini, labda nilitaka tu mikono yangu iwe na kazi.  Kila nguo ilikuwa imeviringishwa, imebana, imesimama. Mashati upande mmoja, kaptura upande mwingine, soksi zimeingizwa moja ndani ya nyingine, na hizi zilikuwa zinafanana. Kitana na mswaki ndani ya mfuko wa plastiki ili visilowe. Mimi mpanga makontena sijawahi kufunga begi namna ile.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Hakuna."

"Mbona kabatini huwezi?"

Akafikiri. Nilipomwona anafikiri ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kumngoja amalize.

"Kabati ni lako, baba. Nikiweka kitu unakitoa unakipeleka kwingine. Mimi sijui kitu changu kiko wapi mpaka uniambie. Begi ni langu."

"Na zile nguo mbichi?"

"Ulisema zisiingie. Lakini kamba ilikuwa imejaa, na nikiziacha chini unapiga kelele. Nikaziweka nyuma, ili usizione."

Nililia. Naandika hivyo hivyo: nililia kizingitini, mchana, na Roseline akawachukua wasichana ndani kwake kwa adabu. Nikamwambia Brian kwamba maneno yangu ya asubuhi yalikuwa ya hasira na ya uongo, kwamba hakuna Mariakani wala Doha atakakopelekwa na mdomo wangu, na kwamba yeye si mvivu. Nilisema hilo mara mbili. Akauliza kama anaweza kuvua viatu.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeomba ruhusa kazini. Watoto waliporudi kutoka shule tukatoa kila kitu kabatini, tukalifuta kwa maji ya siki, tukaliacha wazi. Kisha nikawaambia: gaweni wenyewe. Mimi nimekaa kitandani, mikono nimeikalia.

Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Judy amechukua upande wa kutundika. Brian ameomba maboksi dukani kwa Mpemba wa kona, ameyakata, ametenga rafu yake ya katikati vyumba vyumba, na nguo zake zimesimama humo kama zilivyosimama begini. Kafedha amepata rafu ya chini na amepanga kwa rangi: nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Chupi nyekundu inakaa na kofia nyekundu. Nikafungua mdomo. Judy akasema, "Baba," basi nikaufunga.

Nguo mbichi zimepata beseni lao mlangoni mwa jikoni. Atakayeweka hapo hatagombezwa na mtu. Nimeapa.

Jumamosi, 31 Mei

Jua! Judy amelipaka gauni lake limau na chumvi akalianika juani tangu asubuhi, analigeuza kama mtu anayeanika papa. Vidoa vimefifia, lakini bado vinaonekana kidogo kwenye kola.

Jumatano, 11 Juni

Kabatini hakijaanguka kitu. Mvua imerudi, na beseni limejaa, na sijasema neno.

Jumapili, 15 Juni

Judy ameimba. Doa la kola amelifunika kwa utepe. Alianzisha juu, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mahindi nje ya geti, na mimi nikasimama wakati watu wengine wamekaa. Mzee wa kanisa alinishika shati nikae. Sikukaa.

Alhamisi, 19 Juni

Rafu ya Kafedha ilivurugika jana. Mkono ulinisisimka, lakini nikauzuia. Leo amekosa soksi za bluu, akanuna, akakaa chini akapanga upya mwenyewe huku anaimba. Brian alimwonyesha kuingiza soksi moja ndani ya nyingine. Hakuna aliyeniita.

Jumatano, 25 Juni

Susu anakuja Jumamosi. Nimepiga deki mpaka ukutani. Na leo mchana, nikiwa juu ya mashine, jambo limenijia nikasimamisha kazi yote.

Kabati liko chumbani kwangu! Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe. Hawezi. Hata nyumba ikiwaka moto ataniita kwanza nitoke.

Nikampigia Mwende. Alicheka mpaka nikasikia simu imeanguka huko Doha. "Hata mama hakufikiria!" akasema. "Alivyokasirika vile! Mimi, wewe, yeye, wote watu wazima!"

"Sasa ataangalia nini?"

"Sijui, mume wangu. Lakini mama harudi nyuma. Ataangalia."

Na kulipeleka sebuleni haiwezekani bila kulitoa milango, na nikilihamisha sasa ataona kama nimemtayarishia maonyesho. Watoto wanalijua hapo lilipo. Wacha likae.

Jumamosi, 28 Juni

Amefika saa nne, mvua nyembamba, ameshika kuku. Tulisalimiana kwa desturi, yeye akitazama mlango na mimi nikitazama ndoo. Kisha nikajificha jikoni nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, na yote haya nimeyasikia zaidi ya kuyaona.

Alikunywa chai. Akauliza masomo. Halafu: "Kabati lenu liko wapi?"

Judy akajibu pole pole: "Liko chumbani kwa baba, Susu."

Nilisikia kikombe kinawekwa chini. Wakati huo huo stima zikapotea. Chumba changu kina dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani. Stima zikienda na mvua ikiwepo, huoni mkono wako. Nikasema moyoni, basi, kwaheri watoto wangu.

"Mimi huko siendi," Susu akasema. "Lakini nguo zina miguu. Kafedha!"

"Abee, Susu!"

"Niletee gauni lako la kanisani."

Nilisikia vijiguu vikienda mbio na kurudi. Sikupata hata nafasi ya kushika pumzi.

"Judy, lile jeupe la kwaya."

"Abee." Akaenda, akarudi. Susu akalinusa, nilimsikia akivuta pumzi. 

"Brian. Soksi. Zote."

Nilitaka kutoa simu yangu chini ya pazia, iwe tochi yake. Lakini alikwisha kupita. Akarudi, na nikasikia jozi zinapangwa mezani, moja, nyingine, nyingine. Susu akazifungua, akatazama ndani, akazirudisha.

"Nenda kaziweke."

Akazungumza habari za mbuzi. Akazungumza habari za mahindi. Nikadhani amemaliza. Kumbe mtego ndio huo.

"Brian, ile jozi ya kijivu, niletee tena."

Alikuwa anataka kujua kama zimerudi mahali pake au zimetupwa kitandani. Brian akaenda kwenye lile giza. Akarudi kabla Susu hajaweka sawa leso yake.

"Ni nani aliwapangia? Jirani?"

"Sisi," akasema Judy.

"Na baba yenu?"

Sauti ya Brian, ambaye hana maneno: "Baba haruhusiwi kugusa."

 Kisha nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu nimwoe Mwende. Mama mkwe wangu anacheka. Si kicheko cha adabu, ni kile cha kupiga paja.

Alipomaliza akasema kwa sauti ya kutosha kupita pazia: "Brian, mwambie baba yako."

Brian akaja jikoni. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kama dada yake siku ile.

"Baba, Susu amesema mwezi wa nane hatuendi kwake. Atakuja yeye. Amesema pia wewe ni baba." Akakumbuka. "Na amesema nikuulize nguo zake zitakaa wapi, kwa sababu chumbani kwako haziwezi kuingia."

Nilitoka mlango wa nyuma nikaingia uani kwenye mvua nikapiga kelele. Sijui nilisema nini. Nilirukaruka, nikazunguka karo, nikapiga makofi, viatu vikajaa maji. Roseline alitoka akidhani kuna mwizi. Nilipogeuka, Susu alikuwa dirishani ananitazama, mkwe wake mzima, nimelowa chapachapa nacheza peke yangu. Alijifunika uso kwa leso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuondoka dirishani.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada Wafula amekuja na nyundo. Tumelitoa kabati milango, tukalipitisha, tukalisimamisha sebuleni kwenye ukuta mkavu. Televisheni imehamia juu ya ndoo, itatafutiwa mahali. Susu alisubiri kwa Roseline mpaka nilipotoka, kisha akaingia akalifungua kwa mikono yake mwenyewe. Judy anasema alisimama mbele yake muda mrefu na alikigusa kila chumba cha boksi.

Ameacha magauni mawili na leso. Brian alishusha vitu vyake mwenyewe kwenye rafu ya chini, kando ya vya Kafedha, akampa bibi yake rafu ya katikati. Nilimuuliza kwa nini ya katikati, ambayo ndiyo aliyoichagua yeye na kuikatia maboksi.

"Magoti ya Susu yanamuuma, baba," akasema. "Hapo hatainama."